Kutoka Kiwandani Hadi Chuo Kikuu: Watu Walioacha Mishahara Ili Kuichunguza Biashara ya Dunia

Ndugu msomaji, mwanafunzi akifika kidato cha tatu huambiwa achague masomo atakayoyafanyia mtihani. Wengine huchukua Biashara, wengine Kilimo, na wengine, tuseme ukweli, hufuata marafiki zao. Ukiwauliza waliochukua Biashara wanataka kuwa nani, watakujibu bila kusita: mhasibu, meneja wa benki, au mwenye kampuni yake mwenyewe. Sijasikia hata mmoja akijibu kwamba anataka kuwa mtafiti wa biashara. Si kwamba kazi hiyo ni mbaya. Ni kwa sababu wengi wetu hatujui kwamba ipo.

Nia ya makala haya ni kueleza kazi hiyo ni ya aina gani, na hasa kueleza jambo moja ambalo huwashangaza watu wengi: kwamba baadhi ya wataalamu wakubwa wa somo hili walikuwa na kazi nzuri za mshahara viwandani na kwenye makampuni, wakaziacha, wakarudi darasani wakiwa watu wazima. Kwa nini mtu afanye hivyo? Anafuata njia gani? Anapoteza nini na anapata nini? Na mwisho, jambo hilo linatuhusu nini sisi wa Suneka?

Mkakati wa biashara ya kimataifa ni nini?

Neno mkakati tumezoea kulisikia katika mambo ya vita na ya mpira. Kocha huketi na wachezaji wake kabla ya mechi akapanga nani atacheza wapi na mpinzani atakabwa vipi. Kampuni nayo hufanya hivyo hivyo. Na kampuni inayouza bidhaa katika nchi nyingi ina kazi kubwa zaidi kuliko duka la hapa sokoni, kwa maana kila nchi ina watu wake, sheria zake, pesa zake na mapenzi yake.

Chukua mfano wa soda. Kampuni ya Coca-Cola ni ya Marekani, lakini kwa miaka mingi soda hiyo ilitiwa chupani hapa hapa Kisii. Kampuni yenyewe hutoa mchanganyiko maalumu, nayo kampuni ya hapa huongeza maji, sukari na gesi, ikatia kwenye chupa na kuisambaza madukani. Kwa nini wasitengeneze soda yote kwao na kuileta kwa meli? Kwa sababu soda kwa sehemu kubwa ni maji, na kusafirisha maji kutoka ng'ambo ni kupoteza pesa bure. Huo ndio mkakati.

Basi mtafiti wa mambo haya hujiuliza maswali kama haya: Kampuni ijenge kiwanda wapi? Iuze kitu kimoja dunia nzima au ibadilishe kwa kila nchi? Nani aamue, mkubwa aliye makao makuu au meneja aliye karibu na wateja? Kwa nini kampuni moja inafaulu ugenini na nyingine inafunga milango baada ya miaka miwili? Maswali hayo yanaonekana mepesi, lakini yamewakosesha usingizi watu wengi wenye akili.

Waliotangulia

Somo lenyewe si la zamani sana. Mmoja wa walioliweka katika vitabu ni Igor Ansoff, aliyezaliwa mwaka wa 1918 huko Vladivostok, mji wa Urusi ulio pwani ya mashariki. Alihamia Marekani, akasomea uhandisi na hisabati, kisha akafanya kazi Lockheed, kampuni ya kutengeneza ndege. Huko alihusika na kupanga kampuni iingie katika biashara gani nyingine. Mwaka wa 1963 aliacha kazi hiyo akaenda kufundisha chuo kikuu, na mwaka wa 1965 akachapisha kitabu kuhusu mkakati wa kampuni ambacho wengi huhesabu kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya somo hili. Tazama jambo hilo: hakuanza na kitabu akaenda kazini. Alianza na kazi, kazi ikamletea maswali, na maswali yakamletea kitabu.

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ansoff alikuwa amekilalia kitanda hicho.

Mfanyakazi wa kampuni ya mafuta

Mtu ambaye kisa chake kinafaa zaidi kueleza jambo hili ni Sumantra Ghoshal. Alizaliwa mwaka wa 1948 katika mji wa Calcutta nchini India. Chuoni alisomea Fizikia. Baadaye aliajiriwa na Indian Oil, kampuni ya mafuta ya serikali ya India, akafanya kazi huko kwa miaka mingi na kupanda cheo. Kwa macho ya watu, huyo alikuwa ameshapata. Kazi ya serikali, katika nchi yenye vijana wengi wasio na kazi, si kitu cha kuchezea.

Lakini mwaka wa 1981, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 30, alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani kwa ufadhili. Huko hakufanya mchezo. Alisomea shahada mbili za uzamifu kwa wakati mmoja, moja katika chuo cha MIT na nyingine katika chuo cha Harvard, vyuo viwili vilivyo katika mji mmoja wa Cambridge. Wewe na mimi tunalalamika tukipewa kazi ya masomo mawili usiku mmoja.

Huko Harvard ndiko aliposhirikiana na Christopher Bartlett, mtu wa Australia. Bartlett naye alikuwa ametoka kazini: alikuwa meneja wa masoko katika kampuni ya madini ya Alcoa kwao Australia, akawa mshauri wa makampuni huko London, kisha akaongoza tawi la kampuni ya Baxter nchini Ufaransa. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wameshaona kwa macho yao jinsi amri inavyotoka makao makuu na kufika tawini ikiwa haieleweki, au ikieleweka lakini haifai.

Walifanya utafiti wao kwa kuchagua kampuni 9 kubwa katika biashara za aina 3. Kwa vyombo vya umeme vya nyumbani walichagua Philips ya Uholanzi, Matsushita ya Japani na General Electric ya Marekani. Kwa sabuni na bidhaa za nyumbani walichukua Unilever, Kao na Procter & Gamble. Na kwa mitambo ya simu walichukua Ericsson, NEC na ITT. Kila kundi lilikuwa na kampuni ya Ulaya, ya Japani na ya Marekani, isipokuwa Unilever wakati huo ilikuwa ya Waingereza na Waholanzi pamoja. Waliwahoji mameneja zaidi ya 200. Matokeo yakatoka katika kitabu chao cha mwaka wa 1989 kuhusu kuongoza kampuni inayovuka mipaka.

Walichokiona

Wacha nieleze kwa ufupi walichokiona, maana kinaeleweka hata na mtu asiyesoma Biashara.

Kampuni kama Philips ilikuwa na matawi yenye nguvu. Meneja wa kila nchi alikuwa kama chifu katika eneo lake. Faida ya jambo hilo ni kwamba tawi liliwajua wateja wake vizuri. Hasara yake ni kwamba kila mmoja alivuta upande wake. Kuna kisa kimoja mashuhuri. Philips walitengeneza mtambo wao wa video ulioitwa V2000. Tawi lao la Amerika ya Kaskazini lilikataa kuuuza. Badala yake lilinunua mitambo ya VHS kutoka kwa Matsushita, yaani kwa mshindani wao, likaipachika jina lake na kuiuza. Hebu fikiria mtoto anayekataa mboga ya mama yake na kwenda kununua kwa jirani! Mwishowe V2000 ilikufa.

Matsushita, ambayo tangu mwaka wa 2008 inaitwa Panasonic, ilikuwa kinyume. Wazee wetu waliijua kwa redio za National. Mambo yote yaliamuliwa Japani na vitu vingi vilitengenezwa huko kwa wingi na kwa bei nafuu. Faida yake ni uradhi wa bei na ubora. Hasara yake ni kwamba matawi yalizoea kungoja kuambiwa, hivyo fikira nzuri zilizozaliwa mbali na Japani hazikusikika.

Kampuni za Marekani nyingi zilikuwa katikati: ujuzi ulizaliwa nyumbani kwao, kisha ukapelekwa nje na matawi yakaruhusiwa kuurekebisha kidogo.

Ghoshal na Bartlett wakasema hivi: hakuna hata njia moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Kampuni inahitaji mambo matatu kwa pamoja, yaani bei nafuu, kuwajua watu wa kila mahali, na kujifunza kutoka kila tawi. Kampuni inayofaa ni ile ambayo matawi yake yanashikana kama nyuzi za wavu. Tawi linalojua jambo fulani kuliko wengine liwafundishe wengine, hata kama ni tawi la nchi maskini.

Jambo hilo la mwisho si la kinadharia tu. Tumeliona hapa Kenya. Huduma ya M-Pesa ilianza kama fikira ya watu wa Vodafone, kampuni ya Uingereza yenye hisa katika Safaricom. Jaribio lilianza mwaka wa 2005, na lilikusudiwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Lakini Wakenya waliokuwa katika jaribio hilo walianza kuitumia kutumiana pesa kwa haja zao wenyewe. Waliokuwa wakilisimamia waliliona hilo, wakabadilisha mpango, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka wa 2008 ikaingia Tanzania. Tawi lilikuwa limewafundisha wakubwa. Kama makao makuu yangeshikilia mpango wa kwanza, labda leo shangazi aliye Nairobi angali akituma pesa za karo kwa bahasha na kondakta wa basi.

Ghoshal alifundisha Ufaransa na baadaye London, akaaga dunia Machi 2004. Makala yake moja mashuhuri ilitoka mwaka wa 2005 akiwa ameshafariki. Ndani yake aliwakosoa walimu wenzake wa vyuo vya biashara, akisema kwamba nadharia zinazomchukulia kila mfanyakazi kuwa mvivu na mwizi huharibu kazi zenyewe, kwa maana ukimchunga mtu kama mwizi atakuwa mwizi. Nadhani ni vigumu kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na mkubwa wa kazi kuandika hivyo.

Aliyeanza katika kiwanda cha betri

Mwingine ni C. K. Prahalad, naye ni wa India. Baada ya kusomea Fizikia huko Madras, aliajiriwa akiwa kijana wa miaka 19 katika kiwanda cha betri cha kampuni ya Union Carbide. Alikaa huko miaka 4. Baadaye alisomea uongozi wa biashara, akapata shahada ya uzamifu Harvard mwaka wa 1975, na mwishowe akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka wa 1990, pamoja na Gary Hamel, aliandika makala iliyoeleza kwamba kampuni isijiulize tu inauza nini, bali ijiulize inajua kufanya nini kuliko wengine.

Lakini sisi tutamkumbuka zaidi kwa kitabu chake cha mwaka wa 2004 kuhusu wateja walio chini kabisa kwa kipato. Alisema makampuni makubwa yanakosea yakidhani maskini hawanunui. Maskini hununua, ila hawana pesa za kununua kingi kwa mara moja. Alitoa mfano wa India, ambako shampuu iliuzwa katika pakiti ndogo za kutumia mara moja. Ndugu msomaji, hayo si mageni kwako. Nenda kibanda chochote hapa Suneka: majani ya chai ya kadogo, sabuni ya unga ya kadogo, mafuta ya kupika ya kupimiwa. Mama wa kibanda huijua nadharia hiyo bila kwenda Michigan. Tofauti ni kwamba Prahalad aliipima, akailinganisha na nchi nyingine, akaiandika.

Wako pia waliombishia. Walisema kwamba kumuuzia maskini pakiti ndogo hakumtoi katika umaskini, na kwamba ukihesabu vizuri utaona kadogo ni ghali kuliko pakiti kubwa. Ubishi huo ndio utafiti wenyewe. Mtu husema, mwingine humpinga kwa hoja, na ukweli hujitokeza polepole.

Mwana wa Kisii

Labda utasema, hao ni Wahindi na Wazungu. Basi hebu tumtazame mtu wa kwetu. Profesa Bitange Ndemo ni mzaliwa wa Kisii. Alisomea mambo ya fedha katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, akaongeza shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha St. Thomas katika jimbo hilo hilo. Alifanya kazi ya kuchanganua mifumo ya fedha katika Medtronic, kampuni kubwa ya kutengeneza vifaa vya hospitali kama vile vya kusaidia mapigo ya moyo. Kisha alipata shahada ya uzamifu ya uchumi wa viwanda katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Watu wengi wanamjua kwa kazi yake serikalini. Tangu mwaka wa 2005 hadi 2013 alikuwa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Habari na Mawasiliano. Wakati huo Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Nchi za Afrika Mashariki na Kusini zilikuwa na mpango wa kuweka waya mmoja wa pamoja chini ya bahari, lakini mazungumzo yalichukua muda mrefu. Kenya ikaamua kutengeneza waya wake, uitwao TEAMS, kwa kushirikiana na kampuni ya Etisalat ya Muungano wa Falme za Kiarabu na makampuni ya simu ya hapa nchini. Waya huo ulitoka Fujairah ukafika Mombasa Juni 2009. Kuamua nani awe mshirika, nani alipe kiasi gani, na usimngoje jirani mpaka lini: hayo ndiyo maswali ya mkakati niliyoyataja mwanzoni, ila safari hii aliyeuliza si kampuni bali ni nchi.

Baada ya kutoka serikalini alikuwa tena mwalimu wa chuo kikuu, akifundisha ujasiriamali na mbinu za utafiti. Alikuwa mhariri mmoja wa kitabu kuhusu mapinduzi ya biashara za kidijitali nchini Kenya. Mwaka wa 2022 aliteuliwa kuwa balozi wa Kenya nchini Ubelgiji na katika Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka kampuni akaenda chuoni, akatoka chuoni akaenda serikalini, na akarudi. Njia si moja wala si ya kwenda tu.

Njia yenyewe ikoje?

Sasa tuseme mtu amefanya kazi miaka kumi katika kampuni na anataka kuwa mtafiti. Afanye nini?

Kwanza, awe na swali. Kazini tunaulizwa: tutauza vipi zaidi mwezi ujao? Mtafiti huuliza: kwa nini tuliuza mwezi uliopita, na je, sababu hiyo ni kweli pia Kampala na Mwanza? Swali la kazi lina haraka. Swali la utafiti lina mizizi.

Pili, asome. Shahada ya kwanza haitoshi. Kuna shahada ya uzamili, na juu yake kuna ya uzamifu ambayo humfanya aitwe daktari, ingawa hadungi mtu sindano. Hiyo ya uzamifu huchukua miaka 3 kwa uchache, na wengi huchukua zaidi. Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni zilizotaka wahadhiri wa Kenya wawe na shahada hiyo. Kanuni hizo zilizua ubishi mkubwa, lakini zinaonyesha mambo yanaelekea wapi.

Tatu, apate msimamizi, yaani profesa wa kumwongoza, na achague mbinu. Anaweza kutumia takwimu za makampuni mengi, au kuhoji watu wa kampuni chache kwa kina kama walivyofanya Ghoshal na Bartlett. Hapa nchini, kabla ya kwenda kuhoji watu, ni lazima apate leseni kutoka NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi iliyowekwa na sheria ya mwaka wa 2013.

Nne, aandike na akubali kukosolewa. Makala ya utafiti haichapishwi hivi hivi. Mhariri wa jarida huipeleka kwa wataalamu wengine, mara nyingi bila kuwaambia ni ya nani, nao huisoma na kutafuta makosa. Inaweza kurudishwa mara mbili au tatu, au kukataliwa kabisa. Mambo hayo yanaweza kuchukua mwaka na zaidi. Kwa mtu aliyekuwa meneja, ambaye barua yake ilikuwa haipingwi na mtu, hilo ni jambo gumu kumeza.

Gharama yake

Nisikudanganye kwamba njia hii ni tambarare. Tuseme mtu analipwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Akiacha kazi miaka 4 ili asome, atakuwa amekosa shilingi 7,200,000, na hapo hatujahesabu karo. Kwetu hapa mtu mwenye kazi hana mshahara wake peke yake. Kuna karo za wadogo zake, kuna mama mgonjwa, kuna michango ya harusi na matanga. Akitangaza kwamba ameacha kazi ili arudi shule, wazee wataita mkutano kuuliza ni nani amemroga.

Tena wapo wanaosema, na hawakosi hoja, kwamba utafiti mwingi hubaki katika kabati za vyuo ukiliwa na mende. Mgala muue na haki umpe. Ni kweli kwamba si kila tasnifu imemsaidia mtu. Ndiyo maana naona waliotoka kazini wana faida moja: wanajua ni maswali gani yanayouma. Wenye hekima hupunguza hasara kwa kusoma huku wakifanya kazi, jioni na mwisho wa juma, au kwa kutafuta ufadhili kama Ghoshal. Siku hizi hata hapa karibu, mwendo mfupi wa matatu, tuna Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza kama chuo cha walimu mwaka wa 1965 na kupewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Mtu si lazima avuke bahari.

Inatuhusu nini sisi wa Suneka?

Inatuhusu sana. Hapa tulipo tumezungukwa na biashara ya dunia, ila hatuioni.

Tabaka si mbali na hapa. Huko wanaume huchimba na kuchonga mawe ya sabuni, na wanawake huyasugua kwa maji na msasa mpaka yang'ae. Vinyago hivyo huuzwa Nairobi, Ulaya na Marekani. Anayepanga bei ni nani? Kati ya mchongaji na mnunuzi wa mwisho kuna mikono mingapi, na kila mkono unabaki na kiasi gani?

Majani ya chai nayo huchumwa milimani kwetu, hupelekwa kwenye viwanda vya KTDA, kisha sehemu kubwa huuzwa katika mnada wa Mombasa kwa dola. Mkulima hupata malipo ya kila mwezi na baadaye bonasi. Bonasi ikipungua, watu hukasirika na kulaumu kila mtu. Lakini ni wangapi wanaoweza kueleza jinsi bei ya dola, wingi wa chai duniani na gharama ya kiwanda vinavyokutana katika ile karatasi ya malipo? Na ndizi zetu, kwa nini huuzwa kwa kukadiria mkungu kwa macho na si kwa kilo? Nani hufaidika na mtindo huo?

Maswali hayo yatajibiwa na nani? Mtu wa mbali anaweza kuja na daftari lake akakaa wiki mbili. Lakini hatajua ni nini kinachofichwa na dalali, wala hatasikia kinachosemwa kwa Ekegusii mgeni akishaondoka. Anayefaa zaidi ni yule aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha chai, au katika kampuni inayosafirisha vinyago, kisha akapata mafunzo ya kuuliza kwa utaratibu na kuthibitisha asemalo.

Hapo ndipo nafika kwa Chama chetu cha Kiswahili. Karibu vitabu vyote nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza. Mchongaji wa Tabaka hawezi kusoma tasnifu ya kurasa 300 ya Kiingereza inayomhusu yeye mwenyewe. Utafiti ambao mhusika hawezi kuusoma ni kama kesi inayosikizwa mshtakiwa akiwa nje ya mlango. Kwa hiyo kama kati yetu atatokea mtafiti wa biashara, kazi yake isiishie kwenye jarida la maprofesa. Aje asimame sokoni aeleze alichokipata, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na awaachie watu nafasi ya kumbishia. Na sisi tunaopenda lugha tunaweza kuanza sasa kutafuta maneno ya Kiswahili ya mambo hayo, ili siku hiyo ikifika asikose la kusema.

Mwisho nawaomba wenzangu jambo dogo. Unapochagua masomo usifikirie tu ofisi yenye kiti cha kuzunguka. Ansoff alitoka katika hisabati, Ghoshal na Prahalad walitoka katika Fizikia, Ndemo alitoka katika fedha. Hakuna somo linalokufungia mlango huu. Kinachoufunga ni kuacha kuuliza, kwa maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nenda kazini ukipata kazi, fanya kwa bidii, lakini weka daftari dogo la yale usiyoyaelewa. Huenda siku moja daftari hilo likawa na thamani kuliko hati ya mshahara.